Dkt John Garang: Jenerali aliyetaka mafuta ya petroli yanufaishe shamba

WENGI humkumbuka hayati Dkt John Garang de Mabior kwa magwanda ya kijeshi, ndevu zenye mvi na vita vya msituni alivyoviongoza kwa zaidi ya miaka 20 dhidi ya serikali ya Khartoum. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya kuwa kamanda wa waasi alikuwa msomi wa uchumi wa kilimo. Tasnifu iliyomletea shahada ya uzamifu mwaka 1981 haikuhusu bunduki, bali namna ya kuwaendeleza wakulima na wafugaji wa eneo alikozaliwa.

Swali lililomshughulisha tangu ujanani ni hili: nchi iliyojaaliwa maji, ardhi yenye rutuba, mifugo na mafuta ya petroli itafanya nini ili watu wake wasife njaa? Alipokaribia kushika madaraka jibu lake lilikuwa wazi. Mafuta ni mali inayokwisha, kwa hivyo fedha zake zielekezwe mashambani, barabarani na katika viwanda vya kusindika mazao kabla visima havijakauka.

Garang alifariki mwaka 2005. Sudan Kusini ikawa taifa huru mwaka 2011, lakini hadi leo hutegemea unga, mboga na mayai yanayoletwa kwa malori kutoka Uganda na Kenya. Ndiyo sababu maisha ya kiongozi huyu yanastahili kutazamwa upya, safari hii kwa jicho la mkulima.

Yatima wa Wangulei

Alizaliwa Juni 23, 1945, katika kijiji cha Wangulei, eneo la Twic, Jonglei, mashariki mwa mto Nile. Familia yake ilikuwa ya Wadinka, tena maskini.

Maisha katika nyanda hizo huongozwa na maji. Mvua zinaponyesha na mto kufurika, watu hukaa kwenye miinuko na kulima mtama karibu na nyumba zao. Kiangazi kinapoingia, vijana huwapeleka ng'ombe kwenye malisho ya kandokando ya mto, yaitwayo toich, ambako nyasi hubaki mbichi na samaki hupatikana kwa wingi. Mtu asiyeuelewa mzunguko huo hawezi kupanga maendeleo ya Jonglei, na Garang alikulia ndani yake.

Alifiwa na wazazi wake wote wawili akiwa bado mtoto. Jamaa wa familia alimlipia karo, akasoma Wau na baadaye Rumbek, miji iliyokuwa na shule chache za kutegemewa kusini mwa Sudan.

Alipokuwa na umri wa miaka 10 nchi iliwaka moto, na cheche mojawapo ilitoka kiwandani. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuwa imeanzisha mradi wa pamba miongoni mwa Wazande, karibu na mpaka wa Kongo. Pamba iliyolimwa na wanakijiji ilisokotwa na kufumwa kuwa nguo katika mji mdogo wa Nzara, nazo mbegu zake zikatoa mafuta na sabuni. Kwa wakati huo ulikuwa mradi wa kutolewa mfano, kwani mazao hayakusafirishwa ghafi bali yaliongezewa thamani papo hapo yalipolimwa.

Hata hivyo, Julai 1955 wafanyakazi wapatao 300 wa Nzara walifutwa kazi, huku watu wa kaskazini wakishikilia vyeo vikubwa. Maandamano yalizuka na watu kadhaa wakauawa kwa risasi. Wiki chache baadaye, Agosti, wanajeshi wa kusini waliasi katika mji wa Torit. Vita vya kwanza vya Sudan vilikuwa vimeanza, hata kabla nchi hiyo haijapata uhuru Januari 1, 1956.

Garang alijaribu kujiunga na wapiganaji mnamo 1962. Wakubwa wake waliona bado ni mvulana mdogo na wakamshauri aendelee na masomo. Alielekea Tanganyika, Tanzania ya leo, akamaliza elimu ya sekondari huko, kisha akapata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Grinnell, jimbo la Iowa, Marekani. Alihitimu shahada ya kwanza ya uchumi mwaka 1969.

Kutoka Iowa hadi Dar es Salaam

Haikuwa Marekani ya majumba marefu aliyoishi. Iowa ni jimbo la mahindi na nguruwe, ambako shamba na kiwanda ni majirani. Mahindi yanayovunwa huko huishia kuwa lishe ya mifugo, wanga, mafuta ya kupikia na bidhaa nyingine nyingi.

Baada ya kuhitimu alipata nafasi ya kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hakuichukua. Badala yake alirejea Afrika Mashariki kwa ufadhili wa wakfu wa Watson, akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuchunguza uchumi wa kilimo wa kanda hii.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa jungu la fikra. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilikuwa ikihimiza vijiji vya ujamaa. Mwanahistoria Walter Rodney alikuwa akifundisha chuoni humo. Garang aliingia katika chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, ambako alifahamiana na kijana mmoja wa Uganda aliyeitwa Yoweri Museveni.

Kwa hivyo, kabla hajafikisha miaka 26, alikuwa ameona kwa karibu mikondo miwili ya kilimo: ule wa mkulima binafsi wa Iowa mwenye mitambo na soko, na ule wa Tanzania uliotegemea mipango ya serikali na kazi ya pamoja. Baadaye, katika maandishi na hotuba zake, hakuiga wowote kati ya hiyo bila kuuliza iwapo ungefaa katika nyanda za mafuriko za nyumbani kwao.

Alijiunga na wapiganaji wa Anyanya muda mfupi kabla ya vita kumalizika. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 uliipa kusini serikali yake ya ndani. Garang aliutilia shaka mapema, lakini alikubali kuingizwa katika jeshi la Sudan. Alipelekwa Marekani kwa mafunzo ya kijeshi huko Fort Benning, na kuanzia 1977 akawa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, mjini Ames, alikopata shahada ya uzamili ya uchumi wa kilimo na hatimaye ile ya uzamifu.

Mfereji wa kilomita 360

Tasnifu yake ilichunguza mikakati ya maendeleo ya vijijini katika eneo la mradi wa Jonglei. Mradi huo ulikuwa mfereji wa urefu wa kilomita 360, kutoka karibu na Bor hadi mahali mto Sobat unapokutana na Nile.

Lengo lake lilikuwa kuyapitisha maji kando ya kinamasi kikubwa cha Sudd, ambako karibu nusu ya maji ya mto hupotea hewani kama mvuke. Maji ambayo yangeokolewa yangekwenda kumwagilia mashamba ya Misri na kaskazini mwa Sudan.

Watu wa Jonglei waliogopa kupoteza malisho na samaki wao. Mwaka 1974 ghasia zilizuka Juba baada ya kuenea kwa uvumi kwamba wakulima wa Misri wangeletwa kuhamia huko. Hata hivyo, uchimbaji ulianza mwaka 1978, ukiendeshwa na kampuni ya Ufaransa kwa mtambo mkubwa ajabu uliokuwa umetumika awali nchini Pakistan.

Garang hakuupinga mfereji kwa sababu tu ni mfereji. Hoja yake ilikuwa kwamba kuchimba mtaro wa kupitisha maji ya wengine si maendeleo kwa mtu anayeishi ukingoni mwake. Kama maji yangehamishwa, basi ilipasa mipango ya kilimo, mifugo, uvuvi, barabara na elimu ya wenyeji ibuniwe pamoja na mfereji huo na kupewa fedha, wala isiachwe kuwa ahadi za kuwanyamazisha watu.

Wakati huohuo aliwakosoa walioona kwamba mfugaji wa Jonglei aachwe alivyo, kana kwamba ni kivutio cha watalii. Aliamini kuwa mfugaji huyo ana haki ya kubadilika, mradi abadilike kwa faida yake mwenyewe.

Viwanda vilivyosimama njiani

Alirejea Sudan akiwa na cheo cha kanali na kufanya kazi katika makao makuu ya jeshi, Khartoum. Nchi aliyoikuta ilikuwa imejaa miradi iliyokwama.

Katika muongo wa amani baada ya 1972, kusini ilikuwa na orodha ndefu ya matumaini. Wau ilikuwa na kiwanda cha kutia matunda na mboga mikebeni, kilichojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Tonj ilipangiwa kiwanda cha kusindika nyuzi za kenafu za kutengenezea magunia. Aweil ilikuwa na mradi wa mpunga. Melut na Mongalla zilitajwa kwa sukari, nayo Talanga ya Juu, chini ya milima ya Imatong, kwa majani chai.

Mengi ya hayo ama hayakukamilika au yalifanya kazi kwa kusuasua. Mara dizeli ilikosekana, mara vipuri, na mara nyingine fedha kutoka Khartoum hazikufika. Barabara nazo zilikuwa matope kwa miezi mingi ya mwaka. Haikuwa kwamba ardhi ilishindwa kuzaa. Kilichokosekana ni njia ya kutoka shambani hadi kiwandani, na kutoka kiwandani hadi sokoni.

Kisha mafuta yakagunduliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Chevron ya Marekani iliyapata karibu na Bentiu, katika ardhi ya kusini. Serikali ya Rais Jaafar Nimeiri ilijaribu kubadilisha mipaka ya majimbo na ikaamua kwamba kiwanda cha kusafishia mafuta kijengwe Kosti, kaskazini, badala ya Bentiu. Kwa watu wa kusini hilo lilikuwa pigo la pili. Maji yao yalikuwa yakichimbiwa mfereji wa kuelekea kaskazini, na sasa mafuta yao yalielekezwa njia hiyohiyo.

Msomi ageuka mwasi

Mei 16, 1983, kikosi cha 105 kiliasi mjini Bor. Garang, aliyekuwa huko likizoni, hakurudi Khartoum. Alivuka mpaka na kuingia Ethiopia, akawa kiongozi wa vuguvugu la SPLM na jeshi lake la SPLA. Mwezi uliofuata Nimeiri aliigawanya kusini katika maeneo matatu, na Septemba akatangaza sheria za kiislamu nchi nzima. Vita vya pili vilikuwa vimekolea.

Miongoni mwa shabaha za kwanza za SPLA zilikuwa zile alizozijua vyema kiongozi wake. Kufikia mapema 1984 mashambulizi yalikuwa yamesimamisha uchimbaji wa mfereji, takriban kilomita 240 zikiwa zimechimbwa. Chevron nayo ilisitisha kazi baada ya wafanyakazi wake kuuawa. Mtambo ule mkubwa uliachwa nyikani ushikwe na kutu, na mtaro mtupu ukawa kizuizi kwa ng'ombe na wanyamapori.

Lakini vita havikuchagua. Vilisimamisha mfereji, na vilevile vikasimamisha kilimo. Mwaka 1988 njaa iliua maelfu kwa maelfu huko Bahr el Ghazal. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulianzisha shughuli kubwa ya kupeleka chakula, na mji mdogo wa Lokichoggio, Turkana, ukageuka kituo cha ndege za misaada. Kwa miaka mingi Wakenya walishuhudia mahindi na mtama vikirushwa kwa ndege kwenda katika nchi yenye rutuba kuliko Turkana yenyewe.

Mgala muue na haki umpe, lakini haki hiyo ni pamoja na kutaja makosa. Askari wa SPLA walichukua chakula na ng'ombe wa raia, na watoto waliingizwa jeshini. Garang mwenyewe alilaumiwa kwa kuongoza kwa mkono wa chuma na kutovumilia wapinzani.

Agosti 1991 chama kiligawanyika, Riek Machar na Lam Akol wakijitenga naye. Novemba mwaka huo wapiganaji walioegemea upande wa Machar waliivamia Bor na maeneo jirani, nyumbani kwao Garang. Watu wasiopungua 2,000 waliuawa na mifugo ikatekwa kwa maelfu. Kwa mfugaji, kupoteza ng'ombe ni kupoteza akiba, mahari na chakula kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa kuwapokea vijana waliotembea mamia ya kilomita.

Jambo moja la wakati huo halisemwi sana. Katika Equatoria Magharibi, eneo la Yambio na Nzara lililokuwa mikononi mwa SPLA kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1990, wakulima waliendelea kuvuna muhogo, mahindi na njugu karanga, na mara nyingine walikuwa na ziada. Mwaka 1998, Bahr el Ghazal ilipokumbwa na njaa nyingine, haikuwa rahisi kuifikisha ziada hiyo kaskazini kwa sababu hakukuwa na barabara. Ndege kutoka Kenya zilifika kabla ya lori la jirani.

Naivasha na ndoto ya vijiji

Mazungumzo ya amani yaliendeshwa nchini Kenya, msuluhishi akiwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Itifaki ya Machakos ilitiwa sahihi Julai 2002. Januari 7, 2004, huko Naivasha, pande mbili zilikubaliana kuhusu ugavi wa mali. Kwa kuwa mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje mwaka 1999 kupitia bomba la kuelekea Bahari ya Shamu, hili lilikuwa suala zito.

Ilikubaliwa kwamba asilimia 2 ya mapato iende kwa jimbo linalotoa mafuta, na yaliyosalia kutoka visima vya kusini yagawanywe nusu kwa nusu kati ya Khartoum na serikali ya kusini. Mkataba kamili ulitiwa sahihi jijini Nairobi Januari 9, 2005, katika Uwanja wa Nyayo.

Kwa mara ya kwanza msomi wa Jonglei alikuwa na fedha za kutekelezea nadharia yake. Aliwaeleza wafuasi wake kwamba hakusudii kuwahamishia watu mijini, bali kuipeleka miji kwa watu. Maana yake ni kwamba mkulima wa muhogo wa Yambio au mvuvi wa Bor apate umeme, maji safi, shule, kinu na soko hukohuko aliko. Alitaka mafuta ya petroli yawe kama dizeli ya trekta, yaani kitu cha kuendeshea kilimo wala si cha kulia karamu.

Alijua kilichozipata nchi nyingine za Kiafrika zenye mafuta, ambako mashamba yalisahauliwa punde fedha za visima zilipoanza kumiminika. Alionya kusini isifuate njia hiyo.

Julai 9, 2005, aliapishwa Khartoum kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, mbele ya umati uliojaa barabara. Siku 21 baadaye, Julai 30, alikuwa akirejea kutoka Rwakitura, shamba la mifugo la rafiki yake wa chuo, Rais Museveni, aliposafiri kwa helikopta ya rais huyo. Ndege hiyo ilianguka milimani karibu na mpaka wa Uganda na Sudan katika hali mbaya ya hewa. Watu wote 14 waliokuwamo walikufa. Garang alikuwa na umri wa miaka 60. Alizikwa Juba Agosti 6.

Mali bila daftari

Salva Kiir alichukua uongozi, na fedha za mafuta zikaanza kuingia Juba. Sehemu kubwa iliishia katika mishahara, hasa ya jeshi. Mwaka 2008 serikali ilitoa kandarasi za kununua mtama na kujenga maghala ili kuepusha njaa. Kampuni nyingi zililipwa, nafaka haikufika na maghala hayakuonekana. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Kufikia uhuru, Julai 9, 2011, zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali yalitoka kwa mafuta, huku chini ya asilimia 5 ya ardhi inayofaa kwa kilimo ikilimwa. Wafanyabiashara wa Kenya na Uganda walifurika Juba, wakiuza hata nyanya na maji ya chupa. Walifanya kosa gani? Walijaza pengo lililoachwa wazi.

Majaribio mema hayakukosekana. Mwaka 2009 kampuni ya SABMiller ilifungua kiwanda cha bia na vinywaji mjini Juba, na baadaye ikaanza kununua muhogo kwa wakulima wadogo wa nchi hiyo. Mwaka 2015 kahawa ya wakulima wa Yei ilianza kuuzwa Ulaya na kampuni ya Nespresso. Miradi yote miwili ilithibitisha kwamba mkulima wa huko huzalisha akipata mnunuzi wa kuaminika.

Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimezuka Desemba 2013. Kiwanda cha Juba kilifungwa 2016 kwa kukosa fedha za kigeni, na mwaka huohuo mradi wa kahawa ulisitishwa mapigano yalipofika Yei.

Februari 2017 baa la njaa lilitangazwa rasmi katika sehemu za Leer na Mayendit. Wilaya hizo zimo katika eneo la Unity, ambako mafuta yaligunduliwa miaka karibu 40 kabla. Hakuna tukio lililodhihirisha ukweli wa hoja ya Garang kwa uchungu zaidi ya hilo.

Wakulima wa Yei nao walikimbilia kaskazini mwa Uganda, kwenye kambi kama Bidi Bidi. Walipewa vipande vidogo vya ardhi na wengi wakalima. Ni mikono ileile na maarifa yaleyale. Tofauti ilikuwa kwamba upande wa pili wa mpaka hapakuwa na risasi.

Fursa ambazo zingalipo

Anayeitazama ramani ya nchi hiyo haoni uhaba wa fursa. Ukanda wa kijani wa Equatoria hupata misimu miwili ya mvua na hutoa muhogo, mahindi, njugu, mananasi na maembe, ambayo mengi huoza kwa kukosa mtambo wa kukausha au kukamua maji yake. Renk, kaskazini, ina mashamba makubwa ya mtama na ufuta, pamoja na miti ya gundi ya kiarabu inayotumika katika soda na peremende. Bahr el Ghazal ina mpunga wa Aweil na miti ya lulu, ambayo kokwa zake hutoa mafuta ya kupikia na ya kujipaka.

Samaki wa Sudd huhitaji barafu, vyumba vya kuwafukiza moshi na njia ya kufika Juba. Mifugo ni mingi mno, lakini hufugwa zaidi kwa mahari na heshima, na ngozi nyingi hutupwa. Machinjio safi na soko la bei ya haki vinaweza kumshawishi mfugaji auze wachache bila kuvunja mila yake, na hilo ndilo aina ya badiliko ambalo tasnifu ya 1981 ilizungumzia.

Somo la unga lipo pia. Mwaka 2023 maafisa wa Sudan Kusini walizuia malori ya mahindi kutoka Uganda wakidai yana sumu ya kuvu. Nchi inayotegemea ghala la jirani haina la kufanya siku ghala hilo likitiliwa shaka. Dawa ni kukausha na kuhifadhi nafaka yake yenyewe ipasavyo, kazi isiyohitaji mtambo wa mamilioni.

Kenya haipaswi kuyatazama haya kama habari za mbali. Turkana inapakana na nchi hiyo, benki zetu zilifungua matawi Juba, na kila vita vinapozuka huko, Kakuma hujaa. Mwekezaji wa Kenya anayepeleka mashine ya kukoboa mpunga badala ya magunia ya mchele uliokwisha kukobolewa huenda akachelewa kupata faida, lakini atadumu zaidi sokoni.

Mjadala wa mfereji nao umefufuka. Mafuriko makubwa yaliyoanza 2019 yalizamisha Bor na Twic kwa miaka kadhaa, na mwaka 2022 baadhi ya viongozi wa Juba walipendekeza uchimbaji ukamilishwe ili kupunguza maji. Wanasayansi na wananchi wengi walipinga. Swali la Garang bado lingali pale pale: maji yakiondolewa, mkulima na mfugaji wa Jonglei atapewa nini badala yake? Mji wa Bor una chuo kikuu cha sayansi na teknolojia chenye jina lake, na huenda ndiko jibu litakakopatikana.

Taifa hilo lilimpa heshima zote linazoweza kumpa marehemu. Uhuru ulitangazwa kando ya kaburi lake, na noti za pauni zilizotolewa mwaka 2011 zilibeba picha yake. Mama wa Juba anapokwenda sokoni kununua unga, uso wa msomi wa kilimo huwa kiganjani mwake. Unga anaoununua, mara nyingi, umeingia kwa lori kupitia mpaka wa Nimule.